Vitunguu vya Kipande cha Marehemu Tharcisse

CHAMA CHA BUSTANI LENGALENGA
Anderlecht, Brussels

Kumbukumbu za kikao cha kufungua msimu, kilichofanyika Jumapili, tarehe 9 Machi 2014, katika ukumbi mdogo wa parokia, baada ya misa ya pili

WALIOHUDHURIA
Papa Nday, Mwenyekiti
Papa Lucien, Makamu Mwenyekiti
Bi Fatuma Radjabu, Katibu
Maman Mbombo, mjumbe (mke wa Mwenyekiti)
Anaïs, mjumbe
Tshibangu, bado hana kipande, wa kwanza kwenye foleni ya kusubiri
Maman Rolande, mjane wa Papa Tharcisse (aliingia katikati ya KUMB. NA. 5)

ALIYETOA UDHURU
Papa Modeste, yuko zamu kiwandani, Forest

ALIYETUTOKA
Papa Tharcisse, kipande namba saba. Mwenyekiti aliagiza mwezi uliopita kwamba jina hili liondolewe kwenye orodha. Katibu ameliacha mpaka kikao kitakapoamua, kwa kuwa agizo la mtu mmoja si uamuzi wa kikao.

KUMB. NA. 1/2014: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa nane mchana na kuwaomba wajumbe wasimame kimya kumkumbuka Papa Tharcisse, aliyefariki mwezi wa Novemba. Wajumbe walisimama. Ukumbi ulikuwa na joto kali kwa sababu jua lilikuwa linapiga kwenye vioo na radieta ya kupasha ukumbi joto bado ilikuwa imewekwa kama ni Januari, na Maman Mbombo alikwenda kufungua dirisha kabla kimya hakijaisha. Ilikuwa mara ya kwanza dirisha hilo kufunguliwa tangu Oktoba. Zikaingia sauti za watoto na kengele za baiskeli. Mwenyekiti aliagiza lifungwe kwa heshima ya marehemu. Papa Lucien alisema marehemu mwenyewe angelifungua zamani, na kikao kiliendelea dirisha likiwa wazi.

KUMB. NA. 2/2014: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Kumbukumbu zilisomwa. Mwenyekiti aliomba ifutwe ile sentensi ambamo Papa Lucien alimwita "muntu wa migodi, haijue udongo ila ile iko na shaba ndani". Katibu alieleza kwamba maneno hayo yalisemwa, mbele ya watu sita, na kwamba kazi yake ni kuandika, si kupiga deki. Papa Lucien aliulizwa kama anayafuta mwenyewe. Alijibu kwamba atafikiri. Kumbukumbu zilithibitishwa kama zilivyo.

KUMB. NA. 3/2014: MBEGU ZA MADIRISHANI

Kama ilivyo desturi ya chama, kila mjumbe huotesha mbegu nyumbani kuanzia mwisho wa Februari, katika vikopo vya mtindi, dirishani juu ya radieta, na huleta kikopo kimoja kwenye kikao hiki ili wenzake wakione. Vikopo viliwekwa mezani.

Anaïs, ambaye anakaa Jette ghorofa ya sita, alileta lengalenga, mchicha wa kwetu, zilizokwisha kutoa majani mawili mawili, zote zimeinama upande mmoja kufuata kioo. Papa Lucien alileta nyanya. Maman Mbombo alileta glasi ya maji yenye kiazi kitamu kilichochipua, kwa ajili ya matembele. Mwenyekiti hakuleta kitu. Alieleza kwamba aliugua mwishoni mwa Februari na kwamba habari hiyo haihitaji kuandikwa.

Mwenyekiti aliwaonya wajumbe wasidanganyike na jua la siku hizi wakatoa miche nje. Alikumbusha kwamba majirani Wabelgiji hawapandi kitu laini kabla ya wale wanaowaita Watakatifu wa Barafu kupita, katikati ya Mei, na kwamba mwaka 2011 kuna mjumbe aliyetoa miche yake yote Aprili na asubuhi moja akaikuta nyeusi. Hakumtaja. Papa Lucien alisema ni yeye, inajulikana ni yeye, na kwamba Mwenyekiti amelisema hilo katika vikao vitatu mfululizo.

Anaïs, ili kutuliza, aliuliza kila mjumbe anangojea nini zaidi msimu ukifunguka. Papa Lucien alisema ni kukaa juu ya kreti iliyopinduliwa, mgongo umeegemea kibanda cha vifaa, koti wazi, bila kufanya lolote. Maman Mbombo alisema ni kuanika nguo kwenye balkoni na kuziingiza zikiwa na harufu ya nje. Tshibangu alisema yeye hajawahi kuwa na kipande, kwa hiyo hajui, lakini anafikiri ni kutembea bila glovu. Mwenyekiti alisema ni mahindi mabichi ya kuchoma, hata kama ni mpaka Agosti. Katibu aliulizwa naye, akasema ni chai ya chupa inayonywewa nje, hata ikiwa imepoa. Haya yameandikwa kwa sababu kwa muda huo hakuna aliyegombana na mwenzake.

KUMB. NA. 4/2014: KIPANDE NAMBA SABA

Mwenyekiti alieleza kwamba komini, serikali ya mtaa yenye bustani hii, imebandika tangazo kwenye lango la bustani. Kipande chochote kitakachokutwa kitupu ifikapo mwisho wa mwezi huu wa Machi kitachukuliwa na kupewa anayefuata kwenye foleni. Kipande kilicho kitupu ni kimoja tu, namba saba, alichokilima Papa Tharcisse tangu chama kianze. Anayefuata kwenye foleni ni Tshibangu. Tshibangu aliangalia viatu vyake.

Papa Lucien, ambaye ni wa upande mmoja na marehemu, alikifahamisha kikao kuhusu desturi ya ukoo wao kule Kabare. Mtu akifa, chuma hakigusi udongo aliokuwa akiulima mpaka matanga yaondolewe, na anayeyaondoa ni mtoto wake wa kwanza. Mtoto wa kwanza wa Papa Tharcisse ni Aaron. Aaron yuko Bukavu, ameomba visa mara mbili, na mara mbili amekataliwa. Papa Lucien alisema: "Mazishi tulifanya hapa sisi wenyewe, sawa. Lakini matanga hainaondolewaka ku telefone." Aliongeza kwamba Maman Rolande amekwisha kusema hatakanyaga bustanini kabla ya siku hiyo.

Jambo likawa wazi kwa wote waliokuwepo. Chuma kikigusa udongo ule, matanga ya Papa Tharcisse yamevunjwa. Kisipogusa, mjane wake atapoteza kipande, na hicho ndicho kitu pekee ambacho marehemu alikuwa akikiita "kwangu" katika nchi hii.

Papa Lucien aliomba sasa aelezwe kwa nini udongo wa kipande namba saba umepinduliwa wote, kwa kuwa alipita hapo Jumatatu na kuuona kwa macho yake.

Mwenyekiti alipendekeza kikao kipite kwenye ajenda inayofuata. Katibu alieleza kwamba ajenda inayofuata ni Mengineyo, na hili si mengineyo.

Tshibangu ndiye aliyejibu. Alisema kwamba Jumamosi ya tarehe 22 Februari jua lilitoka, na Mwenyekiti, Papa Modeste na yeye walikwenda kukilima kipande hicho ili komini isikikute kitupu. Mwenyekiti alikubali kwamba ni kweli. Alieleza kwamba kwao Lubumbashi desturi hiyo haijulikani, kwamba walifanya kwa ajili ya mjane, na kwamba wema hauozi. Papa Lucien aliuliza walitumia chombo gani. Mwenyekiti aliomba swali hilo lisiandikwe. Lilipoandikwa, alijibu kwamba hakutumia jembe hata kidogo, alitumia chepe.

Papa Lucien alisema: "Chepe haiko chuma? Unazani marehemu anasoma jina ya kintu ku catalogue mbele akasirike?"

Mwenyekiti alimtaka Makamu wake aketi. Papa Lucien alijibu kwamba ameketi tangu mwanzo, na ilikuwa hivyo.

KUMB. NA. 5/2014: UGONJWA WA TAREHE 22 FEBRUARI

Tshibangu aliomba kikao kimwondoe kwenye foleni. Alieleza kwamba hakitaki kipande namba saba hata akipewa bure na uzio wake. Siku ile ya kulima, jioni, alikula chakula nyumbani kwa Mwenyekiti, na kabla sahani hazijaondolewa wote wawili walianza kutapika. Alisema: "Tulitapika mpaka roho ikafika ku mulango, papa. Ile parcelle iko na neno. Mi sitaki."

Papa Lucien alisema neno hilo linajulikana, limetajwa sasa hivi, na linaitwa chuma.

Mwenyekiti alisema hata yeye analijua, lakini halimo kwenye chuma. Kuna watu, alisema, ambao hawakupenda kipande hicho kiguswe, na ambao wanajua namna za kufunga mahali ili anayepagusa adhurike. Alitaka iandikwe kwamba hamtaji mtu. Imeandikwa. Imeandikwa pia kwamba alikuwa anamtazama Papa Lucien.

Papa Lucien alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Alisema kwamba yeye na Papa Tharcisse walilala kwenye hema moja kambini kabla hawajafika Ulaya, na kwamba kama kuna mtu hapa anafikiri angetia sumu katika udongo wa rafiki yake, aseme kwa mdomo, si kwa macho. Sauti ilikuwa ya juu. Anaïs alikwenda kufunga dirisha ili wapita njia wasisikie.

Wakati huo mlango ulifunguliwa na Maman Rolande aliingia. Alikuwa amevaa koti la baridi na kitambaa cheusi. Papa Lucien alimpa kiti chake, naye akakataa, akaketi kwenye benchi karibu na mlango. Mwenyekiti alipendekeza kiahirishwe kwa sababu ya muda.

Maman Mbombo aliomba nafasi ya kusema. Mwenyekiti hakumpa. Maman Mbombo alisema hata hivyo.

Alieleza kwamba siku ile mumewe alirudi kutoka bustanini na mfuko wa vitunguu vilivyotoa majani ya kijani, akasema wamevikuta udongoni kwa Papa Tharcisse, na kwamba marehemu hakuwa mtu wa kupenda chakula kioze. Yeye alivimenya, akavikaanga, akavipika na makayabu, samaki wa chumvi. Mwenyewe hakula kwa kuwa alikuwa ametoka kula kwenye mazoezi ya kwaya. Wanaume walipoanza kutapika, kimoja alikitia kwenye mkoba na kwenda nacho hospitali. Daktari alikiangalia akauliza nani aliyewaambia hiki ni kitunguu. Ni ua, alisema. Jonquille, lile la manjano la mwezi wa tatu. Shina lake la ardhini linafanana na kitunguu, na anayelila hutapika, kisha kesho yake hupona. Kesho yake walipona.

Maman Mbombo alimalizia hivi, na maneno yameandikwa kama yalivyosemwa: "Bon, Papa akaniambia: nyamaza, usimwambie muntu. Président wa bustani miaka minane, watasema alikula maua? Mi nikanyamaza. Lakini kusikia batu banaanza kuitana balozi, bachawi, na mama huyu anakaa pale na deuil yake ya bwana, non. Hapana."

Kisha alitoa chini ya meza beseni la plastiki lililofunikwa gazeti. Ndani yalikuwamo yale yaliyobaki bila kupikwa. Yalikuwa yamekaa dirishani kwake wiki mbili, yamerefuka, na moja lilikuwa na ncha ya manjano.

Anaïs, ambaye ni muuguzi, alithibitisha aliyoyasema daktari, na akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenyekiti alimwambia asiwafundishe wakubwa. Halafu aliketi, ingawa hakuna aliyemwambia aketi.

KUMB. NA. 6/2014: MANENO YA MAMAN ROLANDE

Maman Rolande aliinuka kutoka kwenye benchi, akaja mpaka mezani. Aliweka ufunguo wa lango la bustani kati ya vikopo vya mbegu. Alieleza kwamba alikuja kwa ajili hiyo tu, kuurudisha. Amelisoma tangazo la komini. Mtoto hawezi kuja, matanga hayawezi kuondolewa, na hataki watu wazuri wagombane kwa sababu ya mita chache za udongo. Alisema kipande apewe huyo kijana.

Kisha aliona beseni. Aliuliza vile ni vya nani. Maman Mbombo alisema: "Ni byenu, Maman. Bilitoka ku kipande yenu."

Maman Rolande alichukua kimoja, akakigeuza. Aliuliza kama ni kweli ni maua, maana alikuwa amesikia kutoka mlangoni. Anaïs alimwambia ni kweli. Yafuatayo Katibu aliyaandika neno kwa neno, na aliyasoma tena kwa msemaji ili ayathibitishe.

"Mwezi wa kumi alirudia nyumba na udongo ku makucha. Mi nikamuuliza, sasa na hii baridi unapanda nini? Akasema, usiulize. Akasema, mars, mwezi wa tatu, jua ikitoka, tutaenda bote wawili, utaona. Nikazani ni ail, ya kutia mu chakula. Halafu akagonjwa, halafu akakufa. Mi nilisahau.

"Munaona, mi nilipofika hii inchi sikupenda kitu. Chakula, watu, hewa, hapana. Kitu ya kwanza nilipenda ni ile maua ya manjano ya ule muzee Flamand, ku fence ya bustani. Kila mwaka mars ikifika, dimanche kisha misa, ninasimama pale. Na Tharcisse ananivuta mukono. Twende, Rolande. Ile utaikula na bugali? Kila mwaka. Hakukuwa muntu wa maua. Hata ku ndoa yetu hakuniletea ua."

Alikirudisha kile alichokishika ndani ya beseni, taratibu.

"Yeye njo alikuwa anasema, maua hainakuliwaka na bugali. Na nyinyi muliikula."

Hakuna aliyecheka. Maman Rolande ndiye aliyecheka, peke yake, akishika ukingo wa meza, na kicheko kiligeuka kuwa kilio cha mtu ambaye hakuwa amelia mbele za watu tangu Novemba. Maman Mbombo alimshika. Katibu naye alilia, na kwa muda huo hakuandika kitu. Kama kuna lililosemwa, halimo humu.

Mwenyekiti alisimama, akavua kofia. Alisema: "Maman Rolande, bwana yako alikuachia zawadi na mi nikaikula. Na nikamusingizia rafiki yake. Nisamehe. Lucien, na weye unisamehe." Kisha alimwagiza Katibu aandike hayo yote, bila kupunguza. Katika miaka minane ya chama hiki ni mara ya kwanza Mwenyekiti kuagiza neno liandikwe.

Papa Lucien aliinuka. Alisogeza kiti chake, ili Mwenyekiti aweze kupita na kumfikia mjane.

KUMB. NA. 7/2014: UAMUZI KUHUSU KIPANDE NAMBA SABA

Mwenyekiti aliuliza kama maua hayo yakirudishwa udongoni yanaweza kuishi. Anaïs alisema hajui, baadhi pengine. Mwenyekiti alisema kipande chenye maua si kitupu, hata kwa macho ya komini. Papa Lucien alikubali kwamba hilo ni kweli, lakini akarudia kwamba chuma ni chuma, na kwamba aliyekosea mara moja kwa kutojua asikosee mara ya pili kwa kujua. Mwenyekiti alimwuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kweli, kama desturi inakataza mikono.

Papa Lucien alisema hajawahi kuulizwa hivyo, na wazee wa kuuliza wamebaki wachache.

Maman Rolande ndiye aliyejibu. Alisema mama mkwe wake alipofariki, maharagwe yalikuwa yamekauka shambani, na wao wakamwana waliingia wakayang'oa kwa mikono, na hakuna mzee aliyesema neno. "Chuma njo ilikatazwa. Mikono, hapana. Mikono ni ya kuaga."

Baada ya hapo kikao kiliamua, kwa sauti moja, kwamba maua yarudishwe kwenye kipande namba saba Jumamosi ijayo, na kwamba yeyote atakayekuja aje mikono mitupu. Vifaa vyote vibaki kibandani na kibanda kifungwe, ili hata kwa bahati mbaya asitokee mtu na kijiko. Kitendo hicho si kuondoa matanga. Matanga yanamngoja Aaron, na chama kitamwandikia barua ya kumwalika ili aiambatishe kwenye maombi yake ya tatu.

Iliamuliwa pia kwamba kipande kiandikwe kwa jina la Maman Rolande. Kuhusu jina la Papa Tharcisse kwenye orodha, Mwenyekiti alipendekeza libaki. Katibu hakutoa maoni.

Tshibangu aliulizwa kama ameridhika kungoja. Alisema ameridhika sana. Mwenyekiti alimpa ukanda wa kipande chake mwenyewe, ule wa upande wa ukuta, ambao ndio wenye jua. Maman Mbombo alimtazama mumewe kwa mshangao, na Mwenyekiti akasema ukanda huo ni mwingi kwa mtu mmoja asiyejua hata vitunguu.

KUMB. NA. 8/2014: MENGINEYO

Anaïs alipendekeza kwamba kila mjumbe anayepanda kitu wakati wa vuli achomeke kijiti chenye jina la alichokipanda. Pendekezo lilipitishwa kabla hajamaliza kulieleza.

Viti viwili vya bustanini vimevunjika miguu. Papa Modeste aombwe avitengeneze. Kreti ya Papa Lucien isiguswe.

Papa Lucien alirudi kwenye KUMB. NA. 2, akasema amefikiri, na yale maneno ya migodi na shaba anayafuta. Mwenyekiti alisema yaachwe. Alisema yanaelekea kuwa kweli.

KUFUNGA KIKAO

Dirisha lilifunguliwa tena. Maman Mbombo aliongoza sala, na kikao kilifungwa saa kumi na nusu jioni, jua likiwa bado linaonekana, jambo ambalo wajumbe kadhaa walilisema kwa sauti walipokuwa wanatoka. Ufunguo wa lango, uliokuwa umewekwa mezani na Maman Rolande, ulitafutwa na Katibu ili uhifadhiwe. Haukuonekana mezani. Maman Rolande alipoulizwa, alionyesha mfuko wa koti lake.

KUTHIBITISHWA

Kumbukumbu hizi zilisomwa na kuthibitishwa Jumamosi, tarehe 29 Machi 2014, bustanini, wajumbe wakiwa wamesimama, kwa kuwa viti bado havijatengenezwa. Papa Modeste alihudhuria, akaomba radhi kwa sehemu yake katika kilimo cha tarehe 22 Februari, na kwa viti.

Mtu wa komini alipita asubuhi hiyo. Aliangalia kipande namba saba, akauliza kwa nini udongo umesawazishwa kwa vidole. Aliambiwa ndivyo tunavyofanya. Alikiandika kuwa kimepandwa, akaenda zake.

Kati ya yaliyorudishwa, mengi yalilala na hayakuamka. Manne yamesimama. Moja limefunguka.

Maman Rolande alifika wakati kumbukumbu zinasomwa, akajifungulia lango mwenyewe kwa ufunguo wake. Hakusimama kwenye uzio penye maua ya yule mzee Mflamandi. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye kipande chake, akachuchumaa mbele ya lile ua, na akasema nalo kwa sauti ya chini. Katibu alikuwa karibu na aliyasikia. Mwenyekiti aliuliza kama yaandikwe.

Katibu alisema hapana.

Nday
Mwenyekiti
(alama iliyo kando ya saini ni udongo wa kidole chake)

Fatuma Radjabu
Katibu